Kupaka Rangi Nyumba Tanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Makadirio na Ulinganishaji wa Bei

Nimepaka rangi nyumba za Tanga kwa zaidi ya miaka ishirini, kuanzia Ngamiani na Makorora hadi Raskazone na Kange. Simu ikilia asubuhi, swali la kwanza huwa ni bei. Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa zaidi pamoja na majibu ninayompa mteja tukiwa tumesimama mbele ya ukuta wake. Bei zilizomo humu nimeziweka za mviringo ili hesabu ieleweke. Ya kulipa leo kaulize dukani na kwa mafundi wa mtaani kwako, tena uliza wiki ileile unayotaka kuanza kazi.

Fundi, nyumba ya vyumba vitatu ni shilingi ngapi?

Kwenye simu sikutajii. Chukua vyumba vitatu vya Mikanjuni vilivyopakwa miaka minne iliyopita, ukuta umeshika, hauna ufa wala ukungu. Chukua na vyumba vitatu vya Chumbageni karibu na bahari, rangi imevimba chini, ukiigusa inadondoka kama maganda ya vitunguu. Idadi ya vyumba ni ileile, lakini ya kwanza ni kazi ya siku nne na ya pili inaweza kwenda siku kumi na mbili kabla hujafungua ndoo ya rangi ya mwisho. Kwa hiyo fundi anayekutajia jumla kabla hajauona ukuta amebahatisha. Akibahatisha juu, umeumia wewe. Akibahatisha chini, ataumia yeye katikati ya kazi, na hapo ndipo rangi inapoanza kuongezwa maji.

Mwambie aje aone. Akija, muangalie anafanya nini. Fundi anayejua atapapasa ukuta kwa kiganja, atagonga plasta asikilize kama ina sauti ya utupu, atainama aangalie sehemu za chini, halafu atatoa tepu apime. Akisimama mlangoni, akazungusha macho na kutaja bei, mshukuru kwa kuja na utafute mwingine.

Nitapimaje mwenyewe kabla sijamwita mtu?

Pima wewe kwanza. Ni hesabu ya darasa la tano na itakuokolea hela nyingi kuliko kubembeleza punguzo.

Chukua chumba cha mita 4 kwa mita 3.5, kimo cha ukuta mita 3. Jumlisha pande zote nne: 4 na 3.5 na 4 na 3.5, unapata mita 15. Zidisha kwa kimo, mita 3, unapata mita za mraba 45. Sasa toa visivyopakwa. Mlango wa mita 0.9 kwa 2.1 ni karibu mita za mraba 1.9. Madirisha mawili ya mita 1.5 kwa 1.2 ni 3.6. Jumla umetoa 5.5, umebaki na 39.5. Iite 40.

Fanya hivyo chumba kwa chumba, sebule, jiko na korido, uandike kwenye daftari. Korido watu wengi huisahau kwa sababu ni nyembamba, kumbe kuta zake mbili ndefu zinaweza kuzidi za chumba cha kulala. Nje pima kila upande peke yake, maana upande unaotazama bahari mara nyingi una kazi zaidi kuliko ule wa uani. Baraza ipime kivyake pia.

Dari ni urefu mara upana wa chumba. Milango, fremu na grili haziingii kwenye mita hizi. Hizo zinahesabiwa moja moja, na fishabodi, mbao za ukingo wa paa, inapimwa kwa mita za urefu kuzunguka paa.

Karatasi hiyo ndiyo utakayowaonyesha mafundi wote. Kila mmoja akipima kivyake utaletewa vipimo vitatu tofauti, na hapo huna cha kulinganisha.

Ndoo moja inapaka sehemu kubwa kiasi gani?

Rangi ya maji nzuri, kwenye ukuta laini uliokwisha kupigwa praima (ile ya kutangulia kabla ya rangi yenyewe), lita 1 inapaka mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja. Kwenye plasta iliyokwaruza shuka hadi 6 au 8, kwa sababu kila kijishimo kinameza rangi. Plasta tupu isiyo na praima inakunywa kuliko hapo.

Turudi kwenye chumba chetu cha mita za mraba 40. Mikono miwili ni 80. Kwa lita 1 kupaka mita 10, unahitaji lita 8, yaani galoni mbili za lita 4. Nyumba nzima ikiwa na mita za mraba 210 ndani, mikono miwili ni 420, sawa na lita 42. Hapo nunua ndoo mbili za lita 20 na galoni moja ya lita 4. Zile lita 2 zinazozidi ni akiba ya roli ya kupakia kunyonya, mwagiko, na kurudia sehemu alipogusa mtoto.

Galoni moja moja huwa ghali kwa kila lita kuliko ndoo, kwa hiyo kama vyumba viwili vitakuwa rangi moja, vijumlishe kabla hujaenda dukani.

Nimeita mafundi watatu, wamenipa bei tatu zinazopishana vibaya. Nimwamini yupi?

Usimwamini yeyote mpaka bei zao zote ziwe zinazungumzia kazi moja. Hapa ndipo watu wa Tanga wanapopoteza hela, na ndiko hasa kulikonifanya niandike ukurasa huu.

Chukua nyumba yetu ya mita za mraba 210, ufundi peke yake, rangi unanunua wewe. Fundi wa kwanza anasema 420,000. Wa pili anasema 735,000. Wa tatu anasema 600,000, "kila kitu ndani yake, mama, usijali." Ukiangalia namba tu utamchukua wa kwanza, au utamchukua wa tatu kwa sababu yuko katikati na ana maneno mazuri.

Sasa gawanya kwa mita. Wa kwanza ni shilingi 2,000 kwa mita ya mraba. Wa pili 3,500. Muulize wa kwanza: hiyo 2,000 ni pamoja na kukwangua rangi ya zamani? Hapana, hiyo ni kupaka mikono miwili tu, kukwangua na kuziba nyufa anataka 1,000 nyingine kwa mita. Na praima? Hiyo ni 600 kwa mita. Jumlisha: 2,000 na 1,000 na 600 ni 3,600. Kwa mita 210 ni shilingi 756,000. Amempita yule wa pili uliyemwona ghali, ambaye 735,000 yake ilikuwa na kukwangua, kuziba, msasa, praima na mikono miwili tangu mwanzo.

Wa tatu muulize "kila kitu" ni nini. Mwache ataje mwenyewe, usimsaidie maneno. Mara nyingi utakuta ni mkono mmoja mzito. Mkono mmoja mzito haufanyi kazi ya mikono miwili myepesi, unachuruzika na kuacha mabaka ukikauka. Kama hawezi kutaja, hajui anachouza.

Kwa hiyo andika kazi kwenye karatasi, nakala tatu, kila fundi ajaze bei kwenye karatasi ileile: kukwangua wapi, kuziba nini, skimu (kulainisha ukuta kwa tope la puti) ipo au haipo, praima mikono mingapi, rangi mikono mingapi, dari, milango mingapi, grili ngapi, fishabodi mita ngapi, nani analeta ngazi na brashi, nani anabeba uchafu. Fundi mzuri hachukii karatasi hiyo. Mimi mteja akinipa huwa nafurahi, kwa sababu najua baadaye hatatuambia "lakini nilidhani na fensi imo."

Nimlipe kwa siku, kwa chumba, kwa mita au kwa kazi nzima?

Kazi ndogo isiyopimika, kama kuziba viraka baada ya fundi bomba kubomoa, mlipe kwa siku. Kazi kubwa, kubaliana kwa mita au kwa jumla iliyotokana na mita.

Kwa chumba sikushauri. Vyumba vya nyumba moja havilingani, na fundi atapiga bei kwa kukiangalia kile kikubwa.

Rangi ninunue mimi au nimwachie fundi?

Nunua mwenyewe, au nenda naye dukani. Sisemi hivi kwa kuwatukana mafundi wenzangu. Nasema kwa sababu rangi inaweza kuwa nusu ya gharama yote au zaidi, na hela ya ukubwa huo mwenye nyumba aione kwa macho yake.

Dukani angalia mfuniko wa ndoo kama lile pete la plastiki halijakatwa. Angalia alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na tarehe ya kutengenezwa. Tikisa ndoo: rangi iliyokaa miaka inaganda chini kama uji uliolala. Kama rangi yako inachanganywa kwa mashine, nunua yote siku moja na uandike namba ya rangi. Ukirudi baada ya wiki mbili kuongeza galoni, inaweza kupishana kidogo, na ukuta mmoja wenye rangi mbili zinazokaribiana unaudhi macho kila siku.

Dai risiti ya mashine, ukaulize kabla ya kulipa kama bei uliyotajiwa ina kodi ya VAT ndani au itaongezwa. Duka moja likikupa bei bila VAT na lingine pamoja nayo, ukalinganisha hivyohivyo, umejidanganya mwenyewe.

Ndoo zikifika nyumbani, zihesabu, na ndoo tupu zisitoke mpaka kazi iishe. Ndoo tupu ndizo zitakazokuambia rangi imekwenda wapi.

Rangi ya bei poa na ile ya bei kali zinatofautiana nini? Si zote nyeupe?

Weupe unafanana siku ya kwanza. Kinachotofautiana ni kiasi cha gundi na poda ya rangi iliyomo, na ndicho kinachoamua itafunika mita ngapi na itakaa miaka mingapi kwenye jua na chumvi.

Tufanye hesabu ya ukuta wa nje wa mita za mraba 120, mikono miwili, kwa hiyo 240. Rangi ya kwanza tuseme ndoo ni 60,000, lita 1 inafunika mita 6, na inachuja baada ya miaka 2. Unahitaji lita 40, ndoo mbili, 120,000. Rangi ya pili, ile ya nje inayohimili mvua, tuseme ndoo ni 140,000 na galoni ni 32,000, lita 1 inafunika mita 11, na inakaa miaka 5. Unahitaji karibu lita 22, yaani ndoo moja na galoni moja, 172,000. Ufundi ni 300,000 kwa vyovyote vile, maana mkono wa fundi haujui bei ya ndoo.

Ya kwanza jumla 420,000, gawanya kwa miaka 2, ni 210,000 kwa mwaka. Ya pili jumla 472,000, gawanya kwa miaka 5, ni 94,400 kwa mwaka. Weka bei halisi za siku hiyo ufanye hesabu hii mwenyewe.

Ndani ya chumba cha kulala ambako hakuna jua wala mvua, rangi ya kawaida inatosha. Pesa ipeleke nje, jikoni na bafuni.

Ukuta wangu unavimba na kudondoka chini kila mwaka, hata nikipaka rangi ghali. Kwa nini?

Kwa sababu tatizo liko ndani ya ukuta, na rangi iko juu yake. Hili ndilo swali la Tanga kuliko yote, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Maji ya ardhini yanapanda kwenye tofali kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Nyumba ambayo msingi wake haukuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu, au nailoni hiyo imechanika, au uani pamejazwa udongo hadi ukapita juu yake, itanyonya maji masika yote. Maji yakifika usoni mwa ukuta yanakauka, lakini chumvi iliyokuwa ndani yake haikauki. Inabaki pale, inakuwa unga mweupe, inasukuma rangi kwa nyuma mpaka inatoa malengelenge. Na kama tofali zako zilifyatuliwa kwa mchanga wa baharini ambao haukuoshwa, chumvi hiyo ulinunua pamoja na nyumba.

Jaribio ninalolifanya halina gharama. Kata kipande cha nailoni safi, ukubwa wa daftari, kibandike ukutani kwa tepu pande zote nne kisipitishe hewa, ukiache siku nzima, saa 24. Kesho yake angalia. Matone yakiwa upande wa ndani, ule uliogusa ukuta, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, shida ni hewa ya chumba na madirisha yasiyofunguliwa.

Dawa yake inaanzia nje: udongo ushushwe, maji ya paa yapelekwe mbali na msingi, bomba linalovuja lizibwe. Plasta iliyokufa ibomolewe hadi juu ya alama ya unyevu, nusu mita hivi zaidi ya pale doa linapoishia. Chumvi ipanguswe kwa brashi kavu. Usiioshe kwa maji mengi, utairudisha ndani. Ukuta uachwe ukauke wiki kadhaa, ndipo plasta mpya, nayo ikauke, ndipo praima na rangi.

Nina kisa kinachoniuma mpaka leo. Nyumba ya mama yangu mkubwa, Makorora, niliipaka mwaka wangu wa tatu wa ufundi. Ukuta wa chumba chake ulikuwa na unga mweupe chini, nikauona. Idd ilikuwa imebaki siku tisa, naye alitaka wageni wakute nyumba inang'aa. Nikakwangua juujuu, nikapiga mikono miwili. Idd ilipendeza. Masika yalipofika, chini ya kitanda chake rangi ilikuwa imefunguka kama maua, na yeye alikuwa ameshatumia akiba yake yote ya mchezo wa upatu. Hakunisema. Nilirudia kwa hela yangu, lakini tangu hapo nikiuona unga ule, hata mteja aniombe vipi, sipaki mpaka tumeumaliza.

Kwa hiyo kama kwenye makadirio fundi mmoja ameandika kubomoa plasta ya chini na wengine hawakuandika, usimfute kwa kuwa yeye ni ghali. Huenda ndiye pekee aliyeinama.

Ukungu mweusi bafuni je?

Ukipaka juu yake utatokea tena. Changanya jiki sehemu moja na maji sehemu tatu, paka, subiri dakika kumi na tano, sugua, suuza, uache ukauke kabisa. Vaa glavu, fungua dirisha, na usichanganye jiki na dawa nyingine ya chooni, hutoa hewa ya sumu. Halafu tafuta njia ya hewa kutoka bafuni.

Nyumba yetu ya urithi ni ya mawe na chokaa. Naweza kuipaka rangi ya kisasa?

Tafadhali fikiri mara mbili. Kuta za mawe ya matumbawe zilizojengwa kwa chokaa zinapumua: zinachukua unyevu na kuuachia. Ukizifunga kwa rangi ya mafuta au rangi nzito ya plastiki, unyevu unakwama nyuma, na baada ya misimu michache plasta inaanza kuachana na jiwe. Chokaa waliyotumia wazee haikuwa umaskini. Ilifaa ukuta ule.

Kupaka chokaa ni kazi ya mikono mingi myepesi, mitatu hadi mitano, ukuta ukiwa umeloweshwa kwanza, na siku moja kati ya mkono na mkono. Ukiona mkono wa kwanza haujafunika usiogope, chokaa huonekana nyeupe ikikauka. Mfuko wake ni wa bei nafuu, na huku kwetu Amboni na Kiomoni mawe ya chokaa hayako mbali, ila siku za ufundi ni nyingi. Kwa hiyo usishangae makadirio yakiwa na rangi ndogo na ufundi mkubwa. Mwenye kupaka alinde macho, chokaa inaunguza.

Na kama ukuta ulikuwa wa chokaa na sasa unataka rangi ya maji, pitisha kiganja. Kikitoka cheupe, rangi yoyote utakayopaka itashika ile poda na kudondoka nayo. Lazima ikwanguliwe yote, na kukwangua chokaa ya miaka thelathini kunaweza kuwa ghali kuliko kupaka kwenyewe.

Skimu ni lazima?

Si lazima. Skimu inafanya ukuta uwe laini kama sahani na inapunguza rangi inayonyonywa, lakini ni kazi mbili: kupaka puti mara mbili na kupiga msasa. Kwenye makadirio mengine inaweza kubeba hela kubwa kuliko rangi. Sebule ina faida. Stoo na chumba cha uani acha. Nje tumia puti ya saruji inayostahimili maji, maana ile ya ndani ikinyeshewa inalainika na kumong'onyoka.

Nyumba ni mpya, plasta imekauka wiki iliyopita. Tuanze?

Subirini siku 28 hivi. Plasta mbichi ina ukali wa saruji unaokula rangi, na ina maji ambayo lazima yatoke.

Msimu gani ni nafuu?

Hali ya hewa nzuri ni Januari na Februari, kaskazi ikivuma, na tena Juni hadi Septemba wakati wa kusi. Machi hadi Mei ni masika, na vuli inaanza Oktoba. Kazi ya nje wakati wa masika ni kucheza kamari: mvua ikipiga rangi ambayo haijashika, unalipa mara mbili.

Wiki mbili kabla ya Idd mafundi wote wana kazi, na bei hupanda. Ukiweza paka mwezi au miwili kabla ya Ramadhani, utapata fundi aliyetulia. Wakati wa jua kali, muombe afuate kivuli kuzunguka nyumba, maana ukuta wa moto unakausha rangi kabla haijajishika.

Nabadilisha kutoka rangi kolevu kwenda nyeupe. Inaongeza gharama?

Ndiyo, mkono mmoja zaidi, wakati mwingine miwili, au praima nyeupe kwanza. Nyekundu na njano nazo hufunika kwa shida. Taja rangi ya sasa na rangi unayoitaka kwenye ile karatasi, fundi asije akagundua kazini.

Fundi anaongeza maji kwenye rangi. Ananiibia?

Si lazima. Ndoo yenyewe imeandikwa kiwango cha maji kinachoruhusiwa, na mkono wa kwanza mara nyingi unahitaji kidogo. Soma maandishi, mwonyeshe. Akipita hapo, rangi inapoteza nguvu ya kufunika, na mwakani ukiuegemea ukuta unga wake utabaki kwenye kanzu yako.

Rangi za zamani za mafuta zina hatari?

Zinaweza kuwa na madini ya risasi, hasa za milango, grili na fremu za nyumba za miaka mingi. Risasi inadhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Kiwango kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa kwa rangi mpya ni kisichozidi sehemu 90 katika milioni, lakini rangi ya zamani mlangoni haijulikani. Usikubali msasa mkavu unaorusha vumbi. Lowesha kwanza, funika sakafu kwa nailoni, watoto na mjamzito walale kwa jirani siku hizo, na vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiliwa. Hii inaongeza siku moja kwenye makadirio, na ni siku ya kulipia.

Nimpe advansi kiasi gani?

Kama rangi umenunua wewe, fundi anahitaji nauli, chakula na msasa wa kuanzia. Robo ya ufundi inatosha. Nusu nyingine mlipe kwa hatua zinazoonekana: kukwangua na kuziba kukiisha, praima ikiisha, mkono wa kwanza ukiisha. Robo ya mwisho ibaki mpaka mmezunguka pamoja mchana, madirisha wazi, mkiwa na penseli ya kuwekea alama penye kasoro. Usikague usiku kwa taa, taa inaficha. Na ukishamaliza kukagua, mlipe palepale. Fundi anayezungushwa robo yake mwezi mzima hatapokea simu yako siku ukitaka marekebisho.

Nyumba yetu ni ya ghorofa. Jukwaa analipa nani?

Anayelipa ni yule mliyemwandika, kwa hiyo andikeni. Mbao au mabomba ya kukodi yanahesabiwa kwa siku, na siku za mvua zinahesabiwa pia. Fundi akisema atatumia ngazi tu kwa ukuta wa ghorofa ya pili, kataa, hata kama bei yake ni ndogo.

Mimi niko Dar, nyumba ni ya wazazi huku Tanga. Nitalinganishaje?

Mtume ndugu mmoja, na awe yeye mmoja tu hadi mwisho, apige picha za kila ukuta kuanzia sakafuni. Picha za wengi huanza kifuani na kwenda juu, na matatizo yako chini. Aweke tepu kwenye picha ionekane kipimo. Karatasi ya kazi iandike wewe, aichukue yeye kwa mafundi. Rangi ilipie dukani moja kwa moja, ndugu akaipokee na kutuma picha ya risiti na ya mifuniko. Na wazee waambiwe mapema chumba chao kitaanza lini, maana kumhamisha bibi aliyezoea kitanda chake miaka arobaini kunahitaji maandalizi kuliko rangi yenyewe.

Rangi iliyobaki niifanye nini?

Funga mfuniko sawasawa, andika juu yake chumba, namba ya rangi na tarehe, iweke kivulini. Lita moja ya akiba itatosha kuziba mikwaruzo ya kabati na viti kwa miaka miwili mitatu.